Ruzuku ya pango na pato lisilohesabiwa

Anayetafsiri barua za halmashauri za Uingereza akikutana na Housing Benefit, fedha ambazo halmashauri huchangia kodi ya nyumba ya mpangaji, mkono unakimbilia "posho ya nyumba". Neno hilo lina wenyewe tayari. Mfanyakazi wa Kenya mara nyingi huiona posho hiyo kwenye hati yake ya mshahara, kwa kuwa Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ampatie makazi ya kufaa au fedha za kutosha kuyalipia. Tanzania posho ni ya kikao na ya safari. Uganda posho ni ugali. Mtu akiambiwa kwamba Leicester, Uingereza, kuna posho ya nyumba, atakwenda kumdai bosi wake.

"Msaada wa kodi" nao unateleza, maana kodi hulipwa kwa mwenye nyumba na hulipwa pia mamlaka ya mapato, TRA. Wapangaji wa Dar es Salaam wanalo neno lisilochanganya kodi hizo mbili, nalo ni pango. Napendekeza tuseme ruzuku ya pango. Ruzuku tunaijua kwenye mbolea: serikali inachangia bei, mkulima analipa kilichobaki, na hakuna anayemtaka aache kulima kwanza ndipo asaidiwe. Neno "msaada" ndilo linalowafanya wengi waamini kwamba fedha hizi ni za wasio na kazi, wakakaa kimya huku pango likimeza mshahara.

Swali lenyewe ni hili: familia inayofanya kazi, inayolipa kituo cha kulelea watoto mchana, inaweza kudai ruzuku ya pango? Inaweza, na jibu limejificha kwenye istilahi ndogo ambayo wafasiri huipita haraka, "disregard". Kamusi itakupa "kupuuza". Pato lililopuuzwa ni kichekesho, kana kwamba karani aliliona akageuza uso. "Msamaha" ni afadhali, ila unamfanya mtu aonekane alikuwa na deni. Kinachotokea ni kwamba karani anauona mshahara wote, anauandika, kisha anaacha sehemu yake nje ya hesabu. Hilo ni pato lisilohesabiwa.

Katika Housing Benefit ya watu wa umri wa kazi, gharama za malezi ziliingia hapo. Mzazi anayelea peke yake na kufanya kazi saa 16 au zaidi kwa wiki, au wazazi wawili wenye saa hizo kila mmoja, waliondolewa kwenye hesabu hadi pauni 175 kwa wiki kwa mtoto mmoja, na 300 kwa wawili au zaidi. Lakini asidhani mtu kwamba alirudishiwa pauni 175. Pato likishavuka kiwango cha mahitaji ya familia, ruzuku ilipungua kwa peni 65 kwa kila pauni iliyohesabiwa. Tuuite mpunguo, kwani "makato" tumeshayapa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Pauni 175 zisipohesabiwa, kinachookolewa kwenye ruzuku ni hadi pauni 113.75. Zilizobaki mzazi anajilipia.

Nimetumia wakati uliopita kwa sababu mlango huo umefungwa kwa waombaji wapya wengi wa umri wa kazi. Umebaki wazi hasa kwa walio katika makazi ya muda au makazi yenye huduma maalumu. Wengine wanaelekezwa Universal Credit, iliyoanza Aprili 2013, na huko malezi yamehamishwa upande wa pili wa hesabu. Gharama yake haitolewi tena kwenye pato. Inaongezwa kwenye stahiki, kwa asilimia 85 ya kilicholipwa.

Tumchukue mama mmoja aliyefikisha miaka 25, mwenye mtoto mmoja aliyezaliwa baada ya Aprili 2017, kwa viwango vya mwaka wa fedha 2025/26. Kiwango chake cha msingi kwa mwezi ni pauni 400.14, cha mtoto 292.81. Pango ni 800, na tuseme halizidi kikomo cha eneo lake. Kituo kinamtoza 800, hivyo anawekewa 680. Jumla ni 2,172.95. Mshahara wake mkononi ni 1,500. Pauni 411 za kwanza hazihesabiwi, na zilizobaki zinapunguza stahiki kwa peni 55 kila moja, yaani 598.95. Anapata pauni 1,574. Bila gharama ya kituo angepata 894.

Katika pauni hizo 1,574, zipi ni za pango? Hazijulikani. Vipengele vinajumlishwa kwanza, mpunguo unakata jumla. Ndiyo maana kwa Universal Credit nisingeandika ruzuku ya pango; ningeandika kipengele cha pango.

"Malezi" nayo yanahitaji nyongeza. Kwetu shangazi akikaa na mtoto ukampa chochote mwisho wa mwezi, hayo ni malezi na hizo ni gharama. Sheria ya Uingereza haizioni. Inataka mlezi au kituo kilichosajiliwa, kwa England mara nyingi kupitia mamlaka ya ukaguzi, Ofsted, na mzazi aripoti alicholipa. Tafsiri iseme "gharama za malezi yaliyosajiliwa", hata kama sentensi itarefuka.

Kuna istilahi moja ya kuisoma kabla ya zote, hasa kwa wanaoishi Uingereza kwa viza: kutokuwa na haki ya "public funds". Ukiandika "fedha za umma", msomaji wa Tanzania atafikiria ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, CAG, au ataogopa hata kumpeleka mtoto hospitali. Katika sheria ya uhamiaji hiyo ni orodha maalumu ya stahiki. Housing Benefit na Universal Credit zimo. Matibabu ya huduma ya afya ya umma, NHS, na shule ya serikali hazimo. Mwenye sharti hilo kwenye viza yake asijaze fomu ya ruzuku kabla hajamwona mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, hata kama hesabu ya mshahara na malezi inampa haki kwa kila senti.