Moshi wa Mtufaha: Tawi Lililopogolewa Lilivyopata Bei



Kila tukimaliza kupogoa miti ya matunda, matawi huishia kuteketezwa pembeni mwa shamba. Huko Marekani, matawi kama hayo ya mtufaha (wengi sokoni tunaita epo) hukatwakatwa, hukaushwa, hutiwa kwenye mifuko na kuuzwa dukani. Wanunuzi ni watu wanaochoma nyama uani kwao. Hebu tuangalie bei hiyo ilikotoka, maana lipo la kujifunza.

Mti uliompa mtu ardhi

Mtufaha tunaokula matunda yake si mti wa asili wa Marekani. Chimbuko lake ni milima ya Tian Shan, Asia ya Kati. Walowezi wa Ulaya waliuvusha bahari katika karne ya 17. Mwaka 1792 Bunge la Marekani lilitenga ardhi huko Ohio, kwenye nchi ya wenyeji kama Washawnee, igawiwe walowezi kupitia Kampuni ya Ohio kwa vipande vya ekari 100. Aliyetaka kumilikishwa alitakiwa kupanda mitufaha 50 na mipichi 20 ndani ya miaka 3. Sababu unaijua: anayepanda mti wa kudumu si mpita njia.

John Chapman, aliyezaliwa mwaka 1774, aliiona biashara hapo. Aliwatangulia wahamiaji, akaotesha vitalu, nao walipofika akawauzia miche. Wakambatiza jina Johnny Appleseed. Miche yake ilikuwa ya mbegu, haikubebeshwa. Mtufaha wa mbegu haufuati tunda la mama yake, hivyo matunda mengi yalikuwa machachu na yalikamuliwa kutengeneza pombe. Lakini miti ilienea, na penye miti ya matunda pana kupogoa.

Kibanda cha moshi

Nguruwe walichinjwa baridi ilipoanza, kwa kuwa majokofu hayakuwepo. Nyama ilikaa kwenye chumvi kwa muda, kisha ikatundikwa katika kibanda cha moshi. Kazi kubwa ilifanywa na chumvi na ukavu. Moshi uliongeza kinga: ulipunguza bakteria juu ya nyama, ulichelewesha mafuta kuchacha na ulifukuza nzi.

Kila mtu alitumia kuni za karibu yake: mwaloni, hikori, hata magunzi ya mahindi. Mwenye bustani ya matunda alitumia mtufaha. Paini waliikwepa, kwa sababu utomvu wake hutoa masizi na uchungu. Moshi wa mtufaha ni mpole, una utamu kidogo, na haufuniki ladha ya kuku wala nguruwe.

Jokofu lilipoingia

Karne ya 20 majokofu yalifika majumbani. Moshi haukuhitajika tena kutunza nyama, ila midomo ilikuwa imeshauzoea. Mwaka 1952 George Stephen, aliyefanya kazi kwenye karakana ya chuma ya Weber Brothers huko Chicago, alichukua umbo la boya, akalikata katikati, akapata jiko la mviringo lenye mfuniko. Mfuniko ulizuia upepo na kuubana moshi pamoja na nyama. Majiko ya namna hiyo yalipoenea, mtu wa mjini asiye na mti hata mmoja akawa mteja wa tawi la mkulima.

Kwa upande wako

Njombe na Lushoto mitufaha ipo. Usipokuwa nayo, mpera na mchungwa pia hutoa moshi mzuri. Fanya hivi:

- Chagua matawi mazima, yasiyo na ukungu wala dawa iliyopuliziwa karibuni.
- Kata vipande vya ukubwa wa ngumi, vikauke kivulini kwa miezi kadhaa.
- Weka mkaa upande mmoja wa jiko, nyama upande wa pili, kisha funika.
- Tia vipande viwili au vitatu juu ya mkaa uliokolea. Moshi mwembamba ndio unaotakiwa. Ukiwa mzito na mweupe, ongeza hewa.
- Usitumie mbao zenye rangi au dawa, paini, wala mnyaa.

Kumbuka moshi wa saa moja au mbili si jokofu. Nyama iive mpaka ndani, na iliwe siku hiyohiyo.

Mfanyabiashara, anza na mifuko michache kwa wachoma nyama wa karibu, usikie wanasemaje kabla ya kukusanya mzigo. Mkulima, uza kilichopogolewa tu. Ukiukata mti mzima kwa ajili ya moshi utauza mara moja. Ukiutunza, utavuna matunda na kupogoa tena mwaka ujao.

Kazi njema shambani.