Kuua kwa uzembe kazini (Uingereza)

Kuua kwa uzembe kazini ni kosa la jinai linalomkabili mwajiri, awe mtu au kampuni, pale uzembe wake uliokithiri unapomuua mfanyakazi, mteja au mpita njia. Ni tawi la kosa la kuua bila kukusudia. Uzembe wa kawaida hulipiwa fidia. Wa jinai lazima uwe mbaya kupindukia, kipimo kilichothibitishwa mwaka 1994 katika shauri la Adomako, daktari wa nusukaputi ambaye hakugundua kuwa mpira wa hewa wa mgonjwa wake umechomoka.

Kumshika mtu ni rahisi kuliko kuishika kampuni. Sheria ya zamani ilitaka apatikane kigogo mmoja, mwenye kauli ya mwisho, aliye na hatia yeye mwenyewe; makosa ya watu kadhaa hayakujumlishwa.

Ubovu wa kanuni hiyo ulidhihirika baada ya jioni ya 6 Machi 1987, feri Herald of Free Enterprise ilipoondoka Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya omo ikiwa wazi. Baharia aliyepaswa kuifunga alikuwa usingizini chumbani kwake. Nahodha hakuwa na taa ya kumjulisha kama milango imefungwa. Asipoletewa habari ya hitilafu, alichukulia kuwa mambo ni shwari. Taa ziliwahi kuombwa na manahodha, na huko ofisini ombi likafanyiwa mzaha. Maji yalijaa sitaha ya magari, feri ikalala ubavu, watu 193 wakafa. Siku chache baadaye feri nyingine za kampuni zikafungiwa taa hizo.

Uchunguzi wa Jaji Sheen ulikuta uzembe umeenea kuanzia wakubwa hadi wadogo. Hata hivyo mwaka 1990 kesi dhidi ya kampuni ya feri hiyo, P&O European Ferries, ilianguka. Jaji alikubali kwamba kampuni yaweza kushtakiwa kwa kuua, ila huyo kigogo mmoja hakuonekana. Kwa maneno mengine, kadiri lawama ilivyosambaa ndivyo kampuni ilivyopona. Kampuni ya kwanza kutiwa hatiani kwa kosa hili Uingereza, mwaka 1994, ilikuwa ndogo: OLL, iliyopeleka vijana baharini kwa mitumbwi huko Lyme Bay, wanne wakafa. Mkurugenzi wake, aliyekwisha kuonywa na wakufunzi wake, alifungwa jela.

Sheria ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika 6 Aprili 2008, inaangalia namna shughuli zinavyoendeshwa. Kampuni ina hatia ikiwa uendeshaji umesababisha kifo, umekiuka vibaya wajibu wa kulinda uhai, na uongozi wa juu umechangia kwa sehemu kubwa. Adhabu ni faini isiyo na kikomo, amri ya kurekebisha kasoro na amri ya kuitangaza hatia hadharani. Kifungo hakimo, mkurugenzi hushtakiwa peke yake kwa kosa la zamani.

Hukumu ya kwanza chini ya sheria hiyo, mwaka 2011, iliangukia tena kampuni ndogo, Cotswold Geotechnical. Mwanajiolojia kijana alifukiwa akiwa peke yake ndani ya shimo la zaidi ya mita 3 lisilo na mihimili, ilhali mwongozo wa kazi hiyo unakataza kuingia shimo la namna hiyo likipita mita 1.2. Shtaka la mkurugenzi lilisitishwa kwa kuwa alikuwa mgonjwa mahututi. Kampuni ilitozwa pauni 385,000, ilipe kwa miaka 10, na jaji akasema wazi kwamba faini hiyo huenda ikaifilisi.