Hisa 20,001 za Mzee Salomon

Julai 1892, kampuni mpya ya viatu ya Whitechapel, mashariki mwa London, iliandikishwa ikiwa na wanahisa saba. Mke alikuwa na hisa moja. Binti, moja. Vijana wanne, moja moja. Baba wa familia, Aron Salomon, alikuja kushika 20,001, kila moja ya pauni moja. Sheria ya Uingereza ya 1862 ilitaka kampuni iwe na watu wasiopungua saba, na Salomon aliwapata wote bila kuvuka kizingiti cha nyumba yake.

Mzee huyu alikuwa amefanya biashara ya ngozi na mabuti kwa zaidi ya miaka 30, naye alianza karibu mikono mitupu. Vijana wake walikuwa wakimbana wapate fungu lao. Akaiuzia kampuni biashara yake kwa takriban pauni 39,000, bei ambayo hata majaji waliokuja kumtetea waliona imepitiliza. Sehemu alilipwa kwa hisa, sehemu kwa fedha zilizokwenda zaidi kulipa madeni ya zamani, na pauni 10,000 zikabaki kuwa deni la kampuni kwake. Deni hilo liliandikiwa hati, na mali ya kampuni ikawa dhamana. Hapo ndipo penye utamu wa kisa. Mtu mmoja alikuwa mwenye kampuni, na wakati huohuo ndiye mdai wake wa mstari wa mbele.

Kanuni iliyomkinga inaitwa dhima yenye kikomo. Mwanahisa akishalipia hisa zake, amemaliza. Kampuni ikifa na madeni, wadai watagawana kilichomo ndani ya kampuni, lakini hawagusi shamba lake, nyumba yake wala akiba yake. Wafanyabiashara wa mwambao na wa Oman walilijua wazo hilo kwa sura nyingine, kupitia mudharaba wa fiqhi ya Kiislamu: mwenye mtaji humkabidhi mwenzake fedha akafanyie biashara, faida wanagawana, na hasara ikitokea mwenye mtaji hupoteza kile alichotoa na si zaidi.

Uingereza ilichelewa. Hadi katikati ya karne ya 19, mshirika wa biashara ya kawaida aliweza kufuatwa kwa madeni yote mpaka abaki na nguo za mwilini. Sheria ya 1844 iliruhusu kuandikisha kampuni kwa urahisi, lakini haikuweka kikomo. Kikomo kilikuja 1855, kwa kampuni zenye watu wasiopungua 25, na mwaka uliofuata Robert Lowe akapitisha sheria iliyoishusha idadi hiyo hadi saba. Waliopinga walisema matapeli watajaa mjini. Jibu walilopewa lilikuwa sharti dogo: jina la kampuni liishie na neno “Limited”, ili anayekopesha ajue anaingia wapi. Ndilo lile “Ltd” la kwenye vibao vyetu vya maduka na pande za malori. Wengi hulisoma kama cheo, ilhali lilibuniwa liwe onyo.

Walioidharau kanuni hii walipata somo Oktoba 1878, Benki ya City of Glasgow ilipofunga milango. Haikuwa na kikomo. Wanahisa walikuwa 1,819, wengi wao watu wa kawaida walioweka humo akiba za uzeeni. Waliambiwa wachange pauni 500 kwa kila pauni 100 za hisa, na hazikutosha. Wakaambiwa tena wachange 2,250. Baada ya hapo, waliobaki bila kufilisika walikuwa 254. Wakurugenzi walifungwa miezi kadhaa jela, wenye hisa wakafungiwa maisha yao. Ukishasoma habari za Glasgow, huwezi kusema kikomo ni hila ya matajiri tu.

Turudi Whitechapel. Migomo ikaja, biashara ya viatu ikadorora, serikali ikaanza kugawa zabuni zake kwa viwanda vingi. Salomon alikopa pauni 5,000 kwa mtu aitwaye Edmund Broderip, akimwekea zile hati za deni kuwa rehani, akaingiza fedha hizo kwenye kampuni. Hazikusaidia. Kabla ya mwisho wa 1893 kampuni ilikuwa mikononi mwa mfilisi. Broderip alipolipwa, zilibaki pauni 1,055. Salomon akasema ni zake, kwa kuwa ndiye mwenye haki iliyobaki katika zile hati. Nje walisimama waliokuwa wameikopesha kampuni bidhaa bila dhamana, wakidai zaidi ya pauni 7,000.

Jaji wa kwanza, Vaughan Williams, aliona kampuni ni wakala tu wa mzee, kwa hiyo mzee alipe. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba alipe, ila kwa sababu nyingine: kampuni ilikuwa kama mdhamini anayemshikia mali, na wale wanahisa sita walikuwa picha. Mzee alikata rufaa ya mwisho kwa utaratibu wa mafukara, maana hakuwa na kitu tena. Katika kumbukumbu za kesi jina lake limeandikwa likifuatiwa na neno “fukara”.

Novemba 1896, Baraza la Malodi liliamua kwa kauli moja kwamba Salomon hadaiwi. Sheria ilitaka watu saba, na saba walikuwepo. Haikusema wasiwe ndugu, wala hisa zao ziwe nyingi kiasi gani. Kampuni ikishaandikishwa ni mtu mwingine kisheria, hata kama kazi ni ileile na mikono inayoifanya ni ileile.

Kwa mtazamo wangu, malodi waliisoma sheria sawasawa, na matokeo yake bado yanakera. Mwaka 1944 mwanasheria Otto Kahn-Freund aliuita uamuzi huo janga. Kikomo kilibuniwa kwa reli na migodi, ambako maelfu ya watu wasiofahamiana huchanga mtaji. Salomon alikivaa kwa biashara ya familia, na tangu hapo kila mtu anaruhusiwa.

Uamuzi huo ukafika kwetu pamoja na sheria zenyewe. Tanganyika ilipata yake ya 1932, iliyotumika Tanzania Bara hadi ilipofutwa na Sheria ya Makampuni ya 2002. Ile ya Kenya ilifuata ya Uingereza ya 1948, na mawakili wa Nairobi na Dar es Salaam bado humtaja Salomon mbele ya jaji. Kenya tangu 2015 mtu mmoja anaweza kufungua kampuni binafsi peke yake. Mzee Salomon asingehitaji kumsumbua mkewe.

Lakini jaribu kuiombea kampuni hiyo ya mtu mmoja mkopo wa benki. Meneja atataka mwenyewe utie saini dhamana binafsi, na mara nyingi atataka hati ya nyumba pia. Saini ile inaufuta ukuta wote wa kikomo kwa upande wa benki. Ukuta unabaki kumzuia fundi aliyetengeneza rafu na muuzaji aliyeleta magunia kwa mkopo wa siku 30, watu wasio na nguvu ya kudai saini. Mishahara na kodi zina nafasi yao mbele katika foleni ya ufilisi, wao hawana.

Lord Macnaghten, mmoja wa walioamua kesi ile, aliliona hilo. Alisema walioikopesha kampuni walijua wanashughulika na kampuni, wajilaumu wenyewe. Ila katika hukumu hiyohiyo akaongeza kwamba kwa maoni yake wauzaji wa kawaida walistahili kupewa kipaumbele kwa madeni ya siku za karibu kabla ya ufilisi. Uingereza ilingoja hadi sheria ya 2002 ndipo ikatenga sehemu ya mali inayoshikiliwa na baadhi ya wenye dhamana kwa ajili ya wadai wasio na kitu mkononi. Kenya imeweka kifungu cha namna hiyo katika Sheria ya Ufilisi ya 2015.