Rai ya Mtazamaji wa Sinema

Kusini ya mdomo wa mto Ruhuhu, katika mwambao wa Ziwa Nyasa, upo mji mdogo uitwao Lituhi. Watu wake ni wavuvi na wakulima. Huwafuata usipa ziwani, humvizia mbasa apandapo mtoni kwenda kutaga mayai, na nchi kavu hulima muhogo. Mtu atokaye Songea hushuka kwa njia ya Kitai, na safari hiyo, hata baada ya magari kuzoeleka, haikuwa safari ya kufanyiwa mchezo wakati wa masika. Katika utawala wa Waingereza pwani hii ilikuwa chini ya wilaya ya Songea, na Songea ilijulikana kwa mabwana wa mashamba ya Tanga kuwa ni chimbuko la manamba, yaani wale vijana walioandikwa kwa mkataba kwenda kukata mkonge.

Huenda msomaji akastaajabu kuona habari ya sinema ikianzia mahali kama hapo, ambapo hapakujengwa jumba la sinema la kutajika. Lakini iko sababu. Sehemu kubwa ya picha zilizotengenezwa katika Afrika ya Mashariki kabla ya uhuru hazikukusudiwa mtu wa mjini mwenye kununua tikiti. Zilikusudiwa mtu wa Lituhi na wenzake wa mamia ya vijiji vilivyo mbali na reli: mlipa kodi, mkulima, manamba, mama mwenye mtoto mgonjwa wa homa. Mtu huyo alitengenezewa picha, kisha akaulizwa ameonaje. Rai yake iliandikwa, ikapelekwa Ulaya, ikachapishwa vitabuni. Wachache mno kati ya walioiandika walidhani kwamba ile ilikuwa rai juu ya picha. Waliichukua kuwa kipimo cha akili ya msemaji.

Haikuwa lazima mambo yaende hivyo. Mwaka 1929 mwanachuoni wa elimu ya viumbe, Julian Huxley, alitumwa na wakuu wa London kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika akiwa na picha chache za mafundisho, ajaribu kuona watu watazipokeaje. Alishuhudia kwamba watazamaji, pamoja na wale ambao hawakuwahi kuona sinema, walizifuata vizuri kuliko ilivyodhaniwa. Ushahidi huo ulitosha kabisa kuufunga mjadala. Lakini kwa miaka thelathini iliyofuata mjadala ulifunguliwa tena na tena, kana kwamba hakuna aliyekwisha kujibu.

Jaribio kubwa lilifanywa kati ya 1935 na 1937. Lilibuniwa na J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misioni, fedha nyingi zikatolewa na shirika la Carnegie la Marekani, na kazi yenyewe ikasimamiwa na watu wawili: Meja L. A. Notcutt, ambaye zamani aliwahi kusimamia mashamba ya mkonge, na G. C. Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini. Makao yao yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe. Hapo walitengeneza picha fupi 35, juu ya safura, malaria ya watoto, ngozi, mmomonyoko wa udongo, kahawa, kodi, na hata hadithi ya sungura na chui. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadha wa kadha, na sahani ilipaswa kwenda sambamba na picha. Kisha lori lilipakiwa mtambo, kitambaa cheupe na mashine ya umeme, likazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Korogwe ni nchi ya mkonge, na mkonge ulikatwa kwa mikono ya watu wa mbali. Kwa hiyo mtu wa pwani ya Nyasa hakuhitaji kulingoja lori lifike kwao. Mkataba wa kazi ulikuwa umekwisha kumsogeza karibu na mahali picha zilipotengenezwa. Tena mojawapo ya picha hizo ilimhusu yeye hasa. Ilieleza habari ya watu wawili wenye akiba ya mshahara wao. Mmoja alizika fedha zake ardhini nyumbani kwake, mwizi akaja akazichimbua. Wa pili alizipeleka katika benki ya akiba ya Posta, zikasalimika. Fundisho lilikuwa wazi kama mchana.

Lakini fundisho likiwa wazi halimwondolei mtazamaji haki ya kulipima. Posta ya karibu kwa mtu wa Lituhi ilikuwa wapi? Ng'ambo ya milima, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Kitabu cha akiba kilitaka kusoma na kutia sahihi, na karani wa kukifungua alikuwa na saa zake za kazi. Shimo la nyumbani halikutaka karani. Mtu angeweza kuielewa picha ile tangu mwanzo hadi mwisho, akacheka pale pa kuchekwa, akamlaumu mwizi, kisha akarudi kwao akazika fedha zake, na yote hayo akayafanya kwa akili timamu. Vivyo hivyo picha ya kodi, iliyokusudiwa kuonyesha fedha ya serikali inavyowarudia watu. Wilaya ya Songea ilikuwa na kumbukumbu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata. Mzee wa huko akiitazama picha hiyo kwa kimya, kimya chake hakikuwa ujinga wa macho. Aliyejua kuuliza angeambiwa.

Wenye jaribio waliandika walivyoona katika kitabu kilichotolewa London mwaka 1937, na kwa haki yao, waliamini kwamba Mwafrika anaweza kuifahamu picha ikitengenezwa vema. Ila serikali za nchi tatu hazikuwa tayari kuendeleza gharama, lori likasimama.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Waingereza waliunda Idara ya Picha za Makoloni, na mkuu wake akawa William Sellers, aliyewahi kuwa mtumishi wa afya katika Nijeria. Yeye aliweka sheria za kutengeneza picha kwa ajili ya Waafrika: mambo yaende polepole, kila tendo lionyeshwe kikamilifu, kamera isirukeruke, wala pasiwe na hila za kiufundi za kumchanganya mtu. Sheria hizo zilitawala mpaka idara ilipofungwa mwaka 1955. Ziliegemea dhana kwamba jicho la mtu wa shamba halijakomaa.

Kutoka katika mazoea hayo kulizaliwa kisa maarufu, ambacho msimulizi wake alikuwa John Wilson wa London, na ambacho Marshall McLuhan wa Kanada alikieneza duniani katika kitabu chake cha 1962. Mkaguzi wa afya alitengeneza picha ya kama dakika tano, ya polepole sana, kuonyesha jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama na makopo matupu penye nyumba. Watu walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Waliomtengeneza kuku huyo hawakumjua. Iliwabidi waikague picha yao kipande kwa kipande, na kweli wakamkuta: kuku aliyeruka akapita pembeni kwa muda wa sekunde moja hivi.

Kwa wengi wa wasomi wa Ulaya kisa hiki kilikuwa ushahidi kwamba asiyejua kusoma hawezi kuiona picha nzima, huona kipande tu. Ni ajabu kwamba hawakushangazwa na upande wa pili wa habari. Watu waliosomea picha, walioipiga, wakaikata na kuiunga kwa mikono yao, hawakumwona kuku. Wanakijiji walimwona kwa mara ya kwanza. Sasa ni nani aliyekuwa na upungufu wa macho? Katika nyumba za mwambao wa Nyasa, kama kwingineko kokote vijijini, kuku ni mali, ni kitoweo cha mgeni, na akistuka akaruka, pana jambo: mwewe, mtoto mtundu, au mwizi. Katika dakika tano za mtu kuokota makopo, yule kuku ndiye peke yake aliyefanya kitu ambacho hakikutarajiwa. Jibu la watazamaji lilikuwa uhakiki wa picha, na uhakiki wa haki: picha ilikuwa inachosha.

Mjini mambo yalikuwa mengine, maana mjini mtu alilipa, na alipaye haulizwi kama amefahamu. Jumba la Royal lilifunguliwa Unguja mwaka 1921, na baada yake majumba yakaongezeka huko na Dar es Salaam. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha 2018, amekusanya kumbukumbu za wazee juu ya jioni hizo, na picha iliyokaa sana vinywani mwao ni Awara ya Raj Kapoor, iliyotolewa India mwaka 1951. Humo yumo hakimu aaminiye kwamba mwana wa mwizi hana budi kuwa mwizi, na mwanawe mwenyewe, aliyemtupa tumboni mwa mama, anakua katika uhalifu. Watu wasiojua Kihindi waliifuata, wakabishana juu yake majumbani na mabarazani: damu humfanya mtu, au malezi? Ilinganishwe na mwizi wa Posta. Mwizi wa Vugiri aliletwa ili watu wamwogope; huyu wa Bombay aliletwa ili wamhukumu wao wenyewe. Wa pili ndiye aliyebaki katika kumbukumbu.

Serikali ya Tanganyika nayo ilijifunza kidogo. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 ilishirikiana na kampuni ya Afrika ya Kusini kutengeneza hadithi za kuigizwa kwa Kiswahili, na mchezaji mkuu akawa kijana wa idara ya ustawi wa jamii, Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Matepwende katika Songea ile ile. Aliyecheza kuwa mshamba wa kuchekesha aliyefika mjini, katika picha iitwayo Muhogo Mchungu, alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwezi wa Januari 1962. Jina la picha hiyo halikuhitaji sahani ya santuri kulieleza kwa mtu wa pwani ya Nyasa. Muhogo mchungu anaujua: huloweka, huanika, hutwanga, na asiyejua kuutengeneza humdhuru. Hapa kwa mara ya kwanza mtu wa shamba alichekwa kwa lugha yake na mtu aliyetoka upande wake, na kicheko cha namna hiyo ni tofauti na kile cha kufanyiwa mtihani.

Mambo ya lori hayakufa yote. Magari ya Idara ya Picha za Makoloni yalikuwa na mfasiri mwenye kipaza sauti aliyesimama kando ya kitambaa akisimulia kwa lugha ya watu, na kazi yake ikawa na nguvu kuliko santuri, kwa kuwa aliwasikia watazamaji na kuwajibu. Miongo mingi baadaye, katika vibanda vya video vya Tanzania, msimulizi huyo alizaliwa upya. Huchukua picha ya Hong Kong au ya Marekani, akaimimina sauti yake juu ya sauti za wachezaji, akawapa majina ya nyumbani, akamcheka shujaa aliyejidai, akatia utani wa mitaani. Hufasiri na kuhakiki kwa pumzi moja. Rai iliyokuwa ikiandikwa na bwana kwenye karatasi sasa imo ndani ya picha yenyewe, na watu huilipia.

Katika zile picha 35 za Vugiri, zijulikanazo kuhifadhiwa London ni tatu: moja ya mafunzo ya utabibu wa mifugo, moja ya safura, na moja ya wakulima wa Kingolwira karibu na Morogoro. Ile ya watu wawili na akiba yao haimo.