Majengo ya Kale na Haki ya Kuingia

Mtu akisimama Loitokitok asubuhi, kabla mawingu hayajakusanyika, huuona mlima Kilimanjaro wote, tangu misitu ya chini hadi barafu ya Kibo. Mlima wenyewe uko Tanzania, lakini upande wake wa kaskazini wautazama mji huu wa Kenya kwa karibu sana. Hapa Loitokitok ndipo ilipoanzishwa, mwaka 1952, shule ya Outward Bound ya kuwafunza vijana ustahimilivu kwa njia ya safari za mlimani. Na mlima huo huo, wenye kimo cha mita 5,895, ulipandwa hadi kileleni mwaka 1969 na kundi la vijana vipofu kutoka Kenya, Uganda na Tanzania.

Habari hiyo yafaa kukumbukwa kila tunaposikia ikisemwa kwamba mahali fulani hapawafai watu wenye ulemavu. Mlima haukujengwa na mtu, wala hakuna awezaye kuupunguza. Lakini jengo ni kazi ya mikono ya wanadamu. Kila kidato cha ngazi kiliwekwa na mwashi, na kila mlango ulipimwa upana wake na fundi. Ikiwa kijana asiyeona aliweza kufika Kibo, basi akizuiwa kwenye lango la nyumba ya kale, tusiharakishe kuulaumu mwili wake. Yatupasa kwanza kuuliza mwashi alikuwa akimjengea nani.

Hakuna jengo katika Kenya linalojibu swali hilo wazi zaidi kuliko Ngome ya Yesu ya Mombasa. Ujenzi wake ulianza mwaka 1593, kwa amri ya Mfalme Filipo wa Pili, aliyetawala Hispania na Ureno pamoja. Aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano. Wajuzi wa ujenzi wa Ulaya katika zama zile waliamini kwamba vipimo vilivyo kamili hupatikana katika mwili wa binadamu, na ramani ya ngome hii yafuata imani hiyo: ukiitazama kutoka juu, yafanana na mtu aliyelala chali, mwenye kichwa, mikono na miguu. Mtu huyo wa mawe hana kasoro hata moja. Mchoraji hakumfikiria aliyekatika mguu, wala mzee asiyeweza kupanda ngazi. Tena ngome haikukusudiwa kuwakaribisha watu. Ilijengwa juu ya mwamba wa matumbawe, kwa kuta nene, ili asiyetakiwa asiingie.

Wako wasemao kwamba jengo la namna hiyo halifai kuguswa, kwa maana kuligusa ni kuiharibu historia. Hoja yao si ya kudharauliwa. Mawe ya kale ni mashahidi, na shahidi akibadilishwa maneno yake hana faida tena. Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Lakini tuitazame historia yenyewe ya ngome hiyo. Waarabu wa Omani walipoitwaa mwaka 1698, baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, waliongeza nyumba na kuzibadili kuta kwa mahitaji yao. Waingereza waliifanya gereza tangu mwaka 1895 hadi mwaka 1958. Kisha, kwa msaada wa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, ikatengenezwa upya, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia.

Basi twaona kwamba kila zama ziliibadili ngome ili imfae mtu fulani: askari, liwali, askari wa jela, mtalii. Hakuna aliyesema kwamba mawe yalikataa. Litakuwa jambo la ajabu sana ikiwa mabadiliko yaliyokubalika kwa ajili ya kuwafungia watu ndani yatakataliwa yanapotakiwa kwa ajili ya kuwaingiza.

Sheria za Kenya zashika pande zote mbili za jambo hili. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 yamkataza mtu kubomoa au kugeuza mnara wa kumbukumbu bila idhini. Kwa upande wa pili, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliwapa haki ya mazingira yasiyo na vizuizi, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, ikaitia nguvu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa. Sheria ile ya 2003 imekwisha kuondolewa, na nyingine mpya imeshika mahali pake mwaka 2025. Zaidi ya hayo, Kenya iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu hao, na mkataba huo wataja kwa jina minara ya kumbukumbu na mahali penye thamani ya utamaduni wa taifa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Wakenya wapatao 900,000, wa umri wa miaka 5 na zaidi, walikuwa na ulemavu. Turathi za taifa ni zao pia.

Je, twaweza kuzitii sheria hizi zote pamoja? Twaweza, ikiwa tutafuata kanuni moja ambayo wahifadhi wa majengo waijua sana: kinachoongezwa kisilijeruhi la kale, na kiweze kuondolewa baadaye bila kuacha kovu. Mteremko wa mbao uliowekwa juu ya ngazi za mawe hauzivunji ngazi hizo. Zabaki chini yake, salama, zikimngoja mtaalamu wa kesho. Ukingo wa kushikia waweza kusimama kwa miguu yake mwenyewe pasipo kutoboa ukuta. Kwa asiyeona, mfano mdogo wa jengo, awezao kuupapasa kwa vidole, humfundisha umbo lake lote, na maandishi ya nukta humpa habari zake. Mambo hayo hayapunguzi hata jiwe moja.

Mfano wa kanuni hii hauko mbali nasi. Katika Kajiado hii hii, huko Olorgesailie, yametapakaa mashoka ya mawe yaliyotengenezwa na watu wa kale sana, miaka laki kadhaa iliyopita. Louis na Mary Leakey walipachimbua katika miaka ya 1940, na mashoka mengi yakaachwa pale pale yalipopatikana. Ikajengwa njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi, ili mgeni apite juu ya mashoka bila kuyakanyaga. Njia hiyo yamfikisha mtu karibu, na wakati huo huo yakilinda kile alichokuja kukiona. Tusidhani, basi, kwamba kulinda na kukaribisha ni maadui.

Hata hivyo, uangalifu wahitajika. Katika mji wa Athens, Ugiriki, palikuwa na lifti ya kuwapandisha walemavu kwenye kilima cha Akropoli tangu mwaka 2004, na mwaka 2020 ikawekwa nyingine bora, pamoja na njia za zege. Wengi walishukuru, lakini wataalamu wengine walilalamika kwamba zege lile lilikuwa pana kupita kiasi, na kwamba lilifunika mwamba wa kale. Fundisho lake si kwamba kazi ile isingefanywa. Fundisho ni kwamba mhifadhi, mhandisi na mtu mwenye ulemavu wakae meza moja tangu siku ya kwanza, maana kila mmoja ajua jambo ambalo wenzake hawalijui.

Wahenga walisema pia, hujafa hujaumbika. Leo tuna miguu, kesho hatujui. Mwanafunzi wa Loitokitok asafiriye na wenzake kwa njia ya Emali hadi Mombasa kuiona Ngome ya Yesu, kisha akabaki ndani ya basi kwa kuwa hakuna aliyefikiria kiti chake cha magurudumu, amenyimwa somo ambalo wenzake wamepewa. Nanyi mnaosoma kurasa hizi, mtakapolizuru jengo lolote la kale, zihesabuni ngazi za langoni, kisha mwulizeni mtunzaji kwa adabu: asiyeweza kuzipanda huingilia wapi?