Treni Ikiacha Njia Ndani ya Handaki, Winchi Haina Msaada

Ukipanda treni ya TAZARA kutoka Mlimba kwenda Makambako, tafuta kiti cha dirishani. Reli inaacha bonde la Kilombero na kupanda kuelekea nyanda za juu. Unaingia handaki, unatoka, unavuka daraja, mara handaki tena. Katika kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, hiki ndicho kipande kilichowatoa jasho zaidi wajenzi wa Kichina, Kitanzania na Kizambia kati ya 1970 na 1975. Makambako wakati huo ilikuwa mkoa wa Iringa. Njombe ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012.

Sasa fikiria behewa limeacha njia humo. Linalolishikilia behewa relini ni ukingo wa gurudumu, wenye kimo cha kama sentimita 3 tu. Ukingo ukipanda juu ya reli, basi, gurudumu liko kwenye kokoto. Utalirudishaje?

Wengi tutasema: lete winchi. Na kweli, tangu enzi za mvuke winchi ya reli ndiyo iliyokuwa mfalme wa ajali. Viwanda vya Uingereza kama Cowans Sheldon wa Carlisle na Ransomes & Rapier wa Ipswich vilijipatia jina kwa mashine hizi. Shida ilikuwa kwamba winchi yenye nguvu ni nzito, na reli nyingi za makoloni zilikuwa nyepesi. Wilfred Stokes wa Ransomes & Rapier akaja na dawa: vigari vya ziada vyenye magurudumu, vinavyobeba sehemu ya uzito winchi ikiwa safarini, halafu vinafunguliwa ikifika kazini. Ni Stokes huyohuyo aliyebuni kombora la mzinga mdogo lililotumika katika Vita Kuu ya Kwanza.

Lakini winchi ina adui wake, naye ni umbali. Kwa hesabu ya haraka, winchi inayoinua tani 60 mzigo ukiwa mita 5 kutoka katikati yake, itaweza tani 30 tu mzigo ukiwa mita 10. Ukilazimisha, inapinduka yenyewe. Ndiyo maana huteremsha miguu ya pembeni ili isimame imara, na miguu hiyo inahitaji ardhi tambarare. Kwenye mteremko mkali wa milimani ardhi hiyo utaitoa wapi? Ndani ya handaki ndiyo kabisa: mkono wa winchi hauna pa kunyanyukia.

Hapo ndipo jeki inapochukua kazi. Jeki ya mafuta inatumia kanuni ya Pascal: bastola kubwa ikiwa na eneo mara 100 ya ile ndogo, ukisukuma kwa nguvu ya kilo 50 inainua tani 5. Mafundi wanainua kidogo, wanapanga magogo chini, wanainua tena. Ukingo ukishavuka kichwa cha reli, behewa linasukumwa pembeni taratibu na kushushwa mahali pake. Kama gurudumu limetoka kidogo tu, hata jeki haihitajiki: zinafungwa kabari za chuma kwenye reli, kichwa cha treni kinavuta, gurudumu linapanda na kudondokea relini.

Na usidhani TAZARA ingeazima tu winchi ya Reli ya Kati. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, TAZARA 1,067. Milimita 67, chini ya upana wa kiganja chako, zinatosha kuizuia.

Kwa nini haya yote ni muhimu? Kwa sababu njia ni moja. Mpaka wa Rhodesia na Zambia ulipofungwa Januari 1973, Zambia iliona uchungu wa kufungiwa mlango wa kusini. TAZARA ilijengwa iwe mlango mwingine. Behewa moja likilala ndani ya handaki, Mbeya haipati treni kutoka Dar, na shaba inasubiri. Siku hiyo anayefungua mlango ni fundi aliyepiga magoti kwenye kokoto, mkononi ana mpini wa jeki.