Ukiacha sigara ukashika vepu, kifua chako kinapata nini?

Msafiri wa Mombasa kwenda Nairobi anaijua Mtito Andei. Basi likisimama, wa kwanza kushuka aghalabu si mwenye njaa wala mwenye haja ndogo, ni mvutaji. Zamani alinunua sigara moja kwa muuza peremende, akaivuta upesi upesi huku jicho liko kwa dereva. (Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara moja moja, lakini nenda Mtito, Kibwezi au Emali ukaone.) Siku hizi wamo wanaotoa mfukoni kifaa kama kalamu nene, wakapuliza mvuke unaonukia embe au mnanaa. Ukimuuliza atakujibu kwa fahari kuwa sigara ameacha. Swali ni kama kifua chake nacho kimepata habari hiyo.

Nazungumzia Makueni na Kitui kwa sababu ni njia yetu. Madereva wetu wa malori hulala Mtito na Sultan Hamud. Kibwezi ndipo unapokata kuelekea Mutomo na Kitui mjini, na wazazi wengi wa Pwani wana watoto wao chuo kikuu cha SEKU kule Kwa Vonza. Vile vile nchi yenyewe ina miinuko. Mtu aliyezoea tambarare ya Kisauni akipanda Mbooni au Kilungu kwa miguu, hahitaji daktari kumwambia pumzi yake ikoje.

Tuanze na sigara. Kinachoua zaidi ndani yake ni moto. Tumbaku ikiungua hutoa moshi wenye kemikali zaidi ya 7,000, na makumi kati ya hizo zinajulikana kuleta saratani. Mojawapo ya gesi zake ni kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani. Fikiria damu kama matatu, na oksijeni ndiye abiria. Kaboni monoksidi hukalia viti vya oksijeni na hung'ang'ania kiti kwa nguvu zaidi ya mara 200. Kwa hiyo moyo wa mvutaji unapiga safari nyingi huku umebeba abiria wachache. Ndiyo maana anahema mlimani hata kama mapafu yenyewe hayajaharibika bado.

Halafu kuna lami. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo mno vinavyofagia vumbi na makohozi kuelekea kooni. Moshi huvilaza, uchafu ukabaki, kifua kikaanza kukohoa kila asubuhi. Huo ndio mkamba wa kudumu, na jirani zetu wa Ukambani wasininunie, jina la maradhi hayo si mimi niliyelitunga. Mwisho wa safari hiyo vifuko vya hewa hupasuka na kuungana, na kifuko kilichokwisha kuharibika hakirudi, uache sigara au usiache.

Sasa mtu huyo ahamie vepu kabisa, asiguse tena sigara. Vepu haina moto. Ina betri, waya unaopata joto na maji ya nikotini yaliyochanganywa na gliserini, glikoli na manukato. Kwa kuwa hakuna kinachoungua, kaboni monoksidi karibu yote humtoka mwilini katika siku moja au mbili. Hii ni faida ya kweli, na ndiyo ya kwanza kuhisiwa miguuni. Vinyweleo navyo huanza kuamka katika wiki zinazofuata, na hapo watu huogopa kwa sababu kikohozi huweza kuzidi kwa muda. Si ugonjwa mpya, ni ufagio umerudi kazini.

Utafiti upo. Uingereza walichukua watu 886 waliotaka kuacha sigara, wakawagawa. Wengine walipewa vepu, wengine vibandiko, bazoka na dawa nyingine za nikotini. Matokeo yalichapishwa 2019. Baada ya mwaka mmoja asilimia 18 ya kundi la vepu walikuwa hawavuti sigara, dhidi ya asilimia 9.9 ya wenzao, na kikohozi na makohozi vilipungua zaidi kwa kundi la vepu. Mwaka huo huo madaktari wa Dundee, Scotland, walipima wavutaji 114 na kuona kuwa waliohamia vepu kwa mwezi mmoja, mishipa yao ya damu ilitanuka vizuri zaidi kuliko ya wale waliobaki na sigara. Mwezi mmoja tu. Kwa hivyo anayekwambia vepu na sigara ni kitu kimoja hakusema kweli.

Lakini kuna takwimu nyingine katika utafiti ule wa watu 886 ambayo wauza vepu hawaitaji. Katika waliofaulu kuacha sigara kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanavuta vepu mwaka ulipotimia. Katika kundi la pili, waliokuwa bado wanatumia dawa zao walikuwa asilimia 9. Wengi wa wale wa vepu wamehama nyumba, hawajatoka mtaani. Nikotini bado iko nao, na nikotini huharakisha mapigo ya moyo, hupandisha shinikizo la damu na hubana mishipa. Kwa mwanamichezo hilo si dogo. Kitui ilimtoa Benson Masya, bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu marathoni, 1992. Kijana wa Mwingi anayeota njia hiyo huku anapuliza vepu kabla ya mazoezi anauchosha moyo kabla hajaanza mbio.

Mapafu nayo hayakuumbwa kupokea mvuke wa manukato. Waya ukipata joto kupita kiasi hutengeneza fomaldehaidi, na chembe za metali kama nikeli zimepatikana ndani ya mvuke. Mwenye pumu hukerwa haraka. Marekani, kufikia Februari 2020, watu 2,807 walikuwa wamelazwa au kufa kwa maradhi ya mapafu yaliyotokana na vepu, na waliokufa ni 68. Wengi wao walitumia maji yenye dawa ya bangi yaliyochanganywa na mafuta ya vitamini E, yakinunuliwa mitaani. Ieleweke kuwa haikuwa vepu ya kawaida ya nikotini iliyobeba lawama kubwa, lakini sisi tunaonunua kila kitu kando ya barabara tuna sababu ya kusikiliza. Pia vepu hii tunayoijua ilibuniwa China 2003. Hakuna binadamu aliyeivuta miaka arobaini, ilhali sigara huleta saratani baada ya muda kama huo.

Hapa ndipo ninapotaka dereva na utingo wake wanisikilize. Wengi hawahami, wanaongeza. Vepu ndani ya gari, sigara kwenye kituo. Mtu anajiona amepunguza kutoka ishirini hadi tano kwa siku na kudhani hatari imepungua kwa robo tatu. Sivyo moyo unavyohesabu. Uchambuzi uliochapishwa 2018 katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, ulionyesha kuwa sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya maradhi ya moyo anayoipata mvutaji wa sigara ishirini. Anayechanganya amenunua kifaa cha bei, na faida ya mapafu hakuipata. Kama ni vepu, iwe vepu peke yake, na iwe na tarehe ya kuisha.

Na kuacha moja kwa moja kunalipa. Wamarekani na Wakanada walifuatilia wavutaji kwa miaka 11. Wanaume walioacha walipoteza kama mililita 30 za pumzi kila mwaka, jambo la kawaida kwa umri, na walioendelea walipoteza 66. Hesabu mwenyewe miaka ishirini. Shirika la Afya Duniani limeweka vibandiko na bazoka za nikotini katika orodha ya dawa muhimu tangu 2009, na NACADA wana simu ya bure, 1192, kwa anayetaka ushauri. Waislamu tuna mwezi mzima ambao mvutaji wa pakiti nzima hukaa alfajiri hadi magharibi bila kugusa kitu. Aliyeweza saa kumi na tatu ana pa kuanzia, tatizo ni ile ya kwanza baada ya tende.

Jambo moja la Kitui hasa. Mchoma makaa wa Mutomo au mama anayepikia kuni jikoni kusiko na dirisha anavuta kaboni monoksidi ile ile bila sigara. Mwaka 2018 serikali ya kaunti chini ya Gavana Ngilu ilipiga marufuku kusafirisha makaa, lakini kuni bado ziko mafigani. Mvutaji wa nyumba hiyo akihamia vepu asishangae pumzi ikichelewa kurudi.

Wasiwasi wangu mkubwa, hata hivyo, si kwa mzee wa lori. Ni kwa mwanafunzi ambaye hajawahi kuvuta chochote. Kwake vepu haimpunguzii kitu, inamwongezea. Kifaa cha mililita 2 chenye nikotini ya asilimia 5 kina miligramu 100, na sigara moja humwingizia mvutaji kama miligramu 1 hadi 2. Uganda ilipiga marufuku vepu kwa sheria yake ya 2015, na Oman pia imezuia biashara hiyo. Sheria yetu ya 2007 iliandikwa kabla ya vitu hivi kufika, ndiyo maana Seneta Catherine Mumma alipeleka mswada wa kuirekebisha mwaka 2024. Mzazi, ukiona chaja ndogo usiyoijua begini na chumba kinanukia tunda ambalo halipo, uliza kwa upole.

Aliyekwisha kuhama ajipime. Asubuhi kabla ya chai hesabu mapigo ya moyo kwa nusu dakika, zidisha mara mbili, andika. Panda mlima ule ule kila wiki na uangalie unasimama mara ngapi. Pumzi isiporudi baada ya miezi mitatu, omba hospitali ya kaunti ikupime mapafu kwa kile kifaa cha kupuliza. Kikohozi kikipita wiki mbili, au kikija na damu, homa za jioni na kukonda, usikisingizie sigara wala vepu. Nenda ukapimwe kifua kikuu. Dawa zake ni bure katika hospitali za serikali, Wote, Kitui na hapa kwetu.